Joto, Halijoto na Historia ya Maji ya Uvuguvugu

Kanuni tunayoitumia kukadiria halijoto ya maji yaliyochanganywa tuliachiwa na mtu aliyeuawa na radi. Georg Wilhelm Richmann alizaliwa mwaka 1711 katika mji ambao leo uko Estonia na unaitwa Pärnu, kisha akawa profesa wa fizikia katika Akademia ya Sayansi ya St. Petersburg. Siku moja ya Agosti 1753 alikuwa kwenye kikao cha Akademia aliposikia ngurumo. Akatoka mbio kwenda nyumbani, akaongozana na mchongaji picha, Sokolov, ili naye aone na baadaye achore. Nyumbani kwake kulikuwa na fimbo ya chuma iliyoshuka kutoka paani hadi chumbani, na chini yake chombo alichokibuni mwenyewe cha kupimia umeme wa mawingu. Richmann akainama kusoma kipimo. Tufe la moto likaruka kutoka kwenye chuma na kumpiga kwenye paji la uso. Sokolov aliangushwa chini, lakini akapona. Richmann hakuamka tena.

Habari hiyo ilizunguka Ulaya nzima, na mpaka leo ukimtafuta Richmann utampata humo, kwenye hadithi za radi. Kazi yake ya miaka michache nyuma, iliyowekwa kwenye majarida ya Akademia ya mwaka 1747 na 1748, ina wasomaji wachache mno. Haina moto wala kifo. Inahusu maji ya uvuguvugu.

Swali lenyewe kila mmoja wetu amelijibu kwa mkono. Una ndoo ya maji ya bomba na sufuria ya maji yaliyochemka. Uchanganye kiasi gani ili uoge bila kuungua? Richmann anasema: chukua uzito wa maji ya kwanza uzidishe kwa halijoto yake, chukua uzito wa maji ya pili uzidishe kwa halijoto yake, jumlisha, halafu gawanya kwa uzito wote kwa pamoja. Basi, imekwisha. Lita 5 zinazochemka kwa nyuzi 100 ukizimwaga kwenye lita 10 za nyuzi 25, unapata 500 na 250, jumla 750, gawanya kwa 15, jibu nyuzi 50. Hayo si maji ya kuoga, hayo ni maji ya kunyonyolea kuku. Ukitaka nyuzi 40 inabidi kila lita moja iliyochemka ikutane na lita 4 za bomba. Mama anayemwogesha mtoto hufikia jawabu hilo kwa kiwiko, bila kugawanya chochote, na huwa hakosei.

Sasa mtu atauliza, kwani hapo pana historia gani? Si wastani tu? Nami nilidhani hivyo kabla sijaanza kusoma. Kilichonishangaza ni kwamba watu walichanganya moto na baridi kwa karne nyingi, wakaandika vitabu vizima juu ya mchanganyiko huo, na hakuna aliyejua ni kitu gani hasa kinachogawanywa. Wengine walijua jibu kabla ya kulijua swali.

Tuanze na maneno, maana hapa ni nyumbani kwa wapenda maneno. Lugha nyingi za Ulaya huiita halijoto kwa neno lililotokana na Kilatini, *temperatura*, na mzizi wake ni kitenzi cha kuchanganya kwa kiasi, kama mtu anayetia maji kwenye divai. Kiarabu nacho kina *mizaj*, yaani hali ya mwili au tabia ya mtu, na mzizi wake ni huohuo wa kuchanganya. Si bahati tu. Wote wanatoka kwenye shule moja ya utabibu, ya Galen, daktari Mgiriki wa karne ya 2, aliyefundisha kwamba kila mwili ni mchanganyiko wa moto, baridi, ukavu na unyevu. Ibn Sina akalichukua fundisho hilo na kulijenga upya katika *Qanun* yake, nalo likasafiri na vitabu vya tiba. Kwenye pwani yetu lilishika mizizi kwa majina yake: hari, baridi, yabisi na rutuba. Ukimsikia mzee wa Unguja anakwambia chakula fulani ni cha baridi, wakati kinafuka moshi mezani, hajakosea. Anazungumzia jambo jingine kabisa, na jambo hilo lina ukoo mrefu kuliko kipimajoto.

Galen ndiye aliyependekeza kipimo cha kati. Alisema, ukitaka kujua kisicho moto wala baridi, changanya barafu na maji yanayochemka kwa kiasi sawa. Utapata katikati kamili, na hapo ndipo pa kupimia vingine vyote. Ni wazo zuri sana. Pia limekosea, tena kwa namna ya kuvutia, nami nitalirudia hapo mbele.

Bila kipimajoto kinachoaminika hakuna aliyeweza kumsahihisha. Vyombo vya kuonyesha joto vilikuwepo tangu karne ya 17, lakini kila fundi na alama zake, na viwili vilivyotoka mikono tofauti havikukubaliana. Aliyetuliza mambo ni Daniel Gabriel Fahrenheit, mzaliwa wa Danzig aliyefanya kazi Uholanzi. Mwaka 1714 alitengeneza vipimajoto vilivyosema kitu kimoja vikiwekwa pamoja, na mwaka 1724 akaeleza hadharani mpangilio wa nyuzi zake. Huko Leiden alikuwapo Herman Boerhaave, daktari na mwalimu wa kemia aliyefuatwa na wanafunzi kutoka pande zote za Ulaya. Boerhaave akamwomba Fahrenheit ampimie michanganyiko. Majibu yapo kwenye kitabu chake cha kemia cha mwaka 1732.

Maji kwa maji hayakuleta taabu. Ujazo sawa, halijoto ya kati. Taabu ilianza walipochanganya maji na zebaki.

Hebu tufuate namba, kwa sababu hapa ndipo moyo wa habari yote ulipo. Nazichukua kama zilivyosimuliwa baadaye darasani Uskoti, kwa nyuzi za Fahrenheit. Maji yana nyuzi 100. Zebaki ya ujazo uleule ina nyuzi 150. Kama joto hugawanywa kwa ujazo, mchanganyiko utakuwa 125. Kama hugawanywa kwa uzito, basi zebaki, ambayo ni nzito mara 13 na zaidi kuliko maji, itayaburuta maji mpaka karibu nyuzi 147. Jibu lililopatikana lilikuwa 120. Zebaki ilipoteza nyuzi 30, maji yakapata 20 tu. Ili kufika katikati kamili ilibidi kutia sehemu 3 za zebaki kwa 2 za maji.

Boerhaave akatazama 120, akaona ipo karibu na 125 na mbali mno na 147, akahitimisha kwamba joto hugawanyika kwa ujazo. Joto, kwake, lilijaa kila pahali kama hewa chumbani, bila kujali chumba kimejazwa nini. Tofauti ya nyuzi 5 akaiacha ipite.

Mimi simlaumu. Nimefanya hesabu kwa viwango vinavyojulikana leo, na jibu sahihi halikupaswa kuwa 120 bali karibu 116. Maana yake ni kwamba hata kipimo chenyewe kilikuwa na kasoro. Pengine chombo kilikunywa joto, pengine zebaki na maji, ambavyo havichangamani, havikupata muda wa kupatana. Mtu mwenye namba chafu namna hiyo ana haki ya kuzikadiria. Ila zilikuwa chafu kuelekea upande wa kumficha ukweli. Zingekuwa safi, zile nyuzi 5 zingekuwa 9, na huenda Boerhaave angeshtuka.

Huko St. Petersburg swali lilishikwa na Georg Wolfgang Krafft, aliyemtangulia Richmann katika Akademia. Krafft akapima maji kwa maji na kutoa kanuni yenye namba mbili za ajabu ndani yake, 11 na 8. Upande mmoja wa maji unazidishwa kwa 11, mwingine kwa 8. Ukiyasoma haya unajiuliza, maji ni maji, kwa nini ya upande mmoja yahesabiwe zaidi? Krafft hakuwa akidanganya. Aliandika alichokiona kwenye vyombo vyake. Alichokiona kilikuwa maji pamoja na chombo, pamoja na hewa ya chumba na muda uliopita akimimina. Ile 11 na ile 8 zilikuwa za meza yake ya kazi, wala si za maji.

Richmann akasema hapana. Akajiuliza jibu lingekuwaje kama chombo kisingekula kitu, kipimajoto kisingekula kitu, na hewa isingeiba. Akaiandika kanuni ya hali hiyo safi, isiyopatikana kwenye meza yoyote duniani, kisha akavihesabu wezi kando, mmoja mmoja. Kwangu hii ndiyo hatua ya kijasiri kuliko zote katika habari hii. Inahitaji moyo kuandika kanuni ambayo ukipima hutaipata, halafu useme kosa liko kwenye sufuria.

Ila kanuni yake ilikuwa na mpaka. Ilifaa maji kwa maji tu. Zebaki ilibaki palepale Boerhaave alipoiacha.

Aliyeichukua ni Joseph Black. Alizaliwa Bordeaux, Ufaransa, mwaka 1728, mtoto wa mfanyabiashara wa divai aliyetokea Belfast, akasomea udaktari Glasgow na Edinburgh, akawa mwalimu Glasgow. Karibu mwaka 1760 alikaa na zile namba za Fahrenheit akazisoma upya. Alikuwa pia na jaribio la Mskoti mwingine, daktari George Martine, aliyeweka maji na zebaki za ujazo sawa mbele ya moto mmoja na kukuta zebaki inapata moto upesi, karibu mara mbili ya maji. Kwa fundisho la Boerhaave, zebaki kwa uzito wake ingechelewa kama maji, au zaidi. Black akaviweka viwili hivyo pamoja, akaona vinasema neno moja: zebaki hutosheka kwa joto kidogo. Kiasi cha joto kinachopandisha maji kwa nyuzi 20 kinaipandisha zebaki ya ujazo uleule kwa nyuzi 30. Kila kitu kina kiu yake ya joto, na kiu hiyo haikadiriwi kwa mizani wala kwa pishi. Lazima uipime yenyewe, kitu kimoja baada ya kingine.

Hapo ndipo neno likapasuka vipande viwili. Kabla ya Black, kusema kitu kina joto jingi na kusema kina moto mkali ilikuwa kauli moja. Baada yake kukawa na wingi wa joto upande huu na ukali wake upande ule, na kipimajoto kinakuonyesha ukali tu. Wingi huuoni popote. Unauhesabu.

Kiswahili chetu kipo katikati ya mpasuko huo hadi sasa. Taarifa ya hali ya hewa inakwambia joto la Dar es Salaam litafikia nyuzi 33, na kila mtu anaelewa. Vitabu vya sayansi vinataka useme halijoto, au jotoridi, na joto libaki kuwa kile kinachohama kutoka kitu kimoja kwenda kingine. Wapo wanaozicheka istilahi hizi kwamba ni za maabara. Mimi nazitetea, hasa jotoridi, maana kila nikiisoma naona joto limeshikana na mkia wa baridi, kama vile neno lenyewe limemiminwa kutoka sufuria mbili. Na mtu ambaye hana maneno mawili hawezi kuielezea zebaki. Boerhaave alikuwa na akili nyingi kuliko wengi wetu, alichokosa ni neno la pili.

Black hakuishia hapo. Aligeukia barafu, na hapa hesabu ya wastani ikavunjika kabisa.

Wakati ule watu waliamini kwamba barafu ikishafika kwenye nyuzi zake za kuyeyuka, joto dogo la ziada linatosha kuifanya maji yote kwa mara moja. Black akasema, tazameni theluji milimani. Kama ingekuwa hivyo, siku ya kwanza ya jua kila bonde lingegharikishwa. Theluji hukaa wiki na wiki ikidondosha matone. Kwa hiyo akatundika tufe mbili za kioo katika ukumbi mkubwa mtupu wa chuo, moja ina maji yaliyopozwa hadi nyuzi 33 za Fahrenheit, nyingine ina barafu ya uzito uleule, akasubiri. Ukumbi ulikuwa na nyuzi 47. Maji yalifika nyuzi 40 kwa nusu saa. Barafu iliyeyuka na kufika nyuzi hizohizo 40 baada ya saa kumi na nusu. Nusu saa 21, kila moja ikiingiza joto la nyuzi 7, jumla 147. Toa zile 8 zilizoonekana kwenye kipimajoto, zinabaki 139. Zimekwenda wapi? Zimeingia kwenye barafu na hazionekani. Black akaliita joto hilo kwa neno la Kilatini lenye maana ya kufichwa, nasi tunaliita joto fiche.

Kisha akalithibitisha kwa kuchanganya, na jaribio hili nalipenda kwa sababu unaweza kulikagua mwenyewe kwa kalamu. Vipimo vyake vya uzito ni vya wauza dawa wa zamani, tuviite vipande. Alichukua vipande 119 vya barafu, akavitia kwenye vipande 135 vya maji ya nyuzi 190. Glasi yenyewe ilikuwa na vipande 16, lakini kwa kuwa kiu ya kioo ni ndogo akaihesabu kama vipande 8 vya maji. Hivyo upande wa moto una vipande 143. Kwa kanuni ya Richmann, ukiichukulia barafu kuwa ni maji ya nyuzi 32, mchanganyiko ungekuwa na nyuzi 118. Black akatumbukiza kipimajoto. Nyuzi 53.

Ni pengo la nyuzi 65! Huwezi kuliacha lipite kama Boerhaave alivyoziacha zile 5. Upande wa moto ulishuka nyuzi 137, mara vipande 143, ni 19,591. Ligawe kwa vipande 119 vya barafu, kila kimoja kimepokea kama nyuzi 164 na nusu. Kati ya hizo, 21 zilitumika kuyapandisha maji ya barafu kutoka 32 hadi 53. Zilizobaki, 143 na ushei, zimefichwa. Viwango vya leo vinasema 143 na nusu hivi. Mtu huyu alikuwa na mizani, glasi na kipimajoto kimoja.

Turudi kwa Galen na kipimo chake cha kati. Chukua kilo moja ya barafu na kilo moja ya maji yanayochemka. Kwa nyuzi za Sentigredi, joto fiche la barafu ni sawa na nyuzi 80 za maji. Kwa hiyo katika zile 100 za maji ya moto, 80 zinaliwa na kuyeyusha tu. Zinabaki 20 za kugawana wawili. Jibu ni nyuzi 10. Kile ambacho Galen alikiita si moto wala si baridi ni maji ya kukutetemesha meno. Angejimwagia mara moja tu angejua. Sijui kwa nini kwa zaidi ya miaka elfu moja hakuna aliyeona haja ya kutia kidole.

Black hakuchapisha habari hizi. Alizisema Glasgow mwaka 1762 mbele ya wenzake wa chuo, akazifundisha darasani mwaka hadi mwaka, Glasgow na baadaye Edinburgh, na waliozitaka walizipata kwenye madaftari ya wanafunzi. Alifariki mwaka 1799. Mihadhara yake ilitoka kitabuni mwaka 1803, imeandaliwa na rafiki yake John Robison. Wakati huo Johan Carl Wilcke wa Stockholm alikuwa amekwisha kulifikia joto fiche la theluji kwa njia yake mwenyewe na kulichapisha mwaka 1772. Kwa mwandishi wa habari jambo hili linauma kidogo: mtu ana habari kubwa kuliko zote mjini, na anaitoa kwa mdomo kwa muda wa miaka 37.

Aliyenufaika mapema alikuwa fundi wa vyombo wa chuo kilekile, James Watt. Majira ya baridi ya 1763 kuingia 1764 alipewa mfano mdogo wa injini ya Newcomen autengeneze. Ulikuwa unakula mvuke kupita kiasi. Watt akaupitisha mvuke kwenye maji baridi, akaona mvuke unaweza kuchemsha maji yenye uzito wa mara sita ya uzito wake. Akaenda kwa Black kuuliza. Black akamweleza joto fiche. Sisi tuna msemo kwamba maji ya moto hayachomi nyumba, na kwa fizikia ni kweli tupu: hata uchochee kuni vipi, maji ya sufuriani hayapiti nyuzi 100 za Sentigredi, joto lote la ziada linapanda na mvuke. Ndiyo maana mpishi anayeunguzwa na mvuke wa sufuria ya wali huumia vibaya kuliko aliyerukiwa na matone. Watt akaamua mvuke upozwe kwenye chombo cha pembeni badala ya ndani ya silinda, ambayo ilikuwa inapozwa na kupashwa upya kila pigo. Hataza aliipata mwaka 1769. Yaliyofuata kuhusu mvuke yameandikwa sana, sitayagusa.

Nitagusa Paris. Majira ya baridi ya 1782 kuingia 1783, Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace waligeuza barafu ya Black kuwa kipimo. Waliweka kitu cha moto katikati ya chombo kilichozungukwa na barafu, wakapima maji yaliyotoka. Barafu nyingi imeyeyuka, joto lilikuwa jingi. Ndani ya chombo hicho waliweka pia simbilisi, yule mnyama mdogo wa maabara, na kumwacha saa kadhaa akiyeyusha barafu kwa uhai wake tu. Wakalinganisha na mkaa unaoungua, wakasema kupumua ni kuungua polepole. Baadaye kidogo, Mei 1794, Lavoisier alikatwa kichwa.

Kinachonisumbua kwenye habari ya Paris ni kingine. Lavoisier aliamini joto ni kimiminika kisicho na uzito kinachopenya ndani ya vitu, na wengi wa zama zake waliamini hivyo. Hesabu zote hizi, za Richmann, za Black, za simbilisi, zinaonekana kama za mtu anayemimina kitu kutoka gudulia hili kwenda lile: kilichotoka huku kimeingia kule, hakuna kilichopotea. Katika karne ya 19 kimiminika hicho kilifutwa. Joto likawa ni mwendo, nishati ya chembe zinazogongana. Ila kanuni haikubadilika hata herufi moja. Na ndimi zetu hazikubadilika pia, bado tunasema joto linaingia, linatoka, linapotea. Tunaongea kama Lavoisier kila siku.

Kanuni pia ina mahali ambapo haifai kabisa. Inadhani viwili vinavyokutana vinagawana tu vilichokuja nacho. Changanya maji na spiriti, vyote vikiwa na halijoto ya chumba, na mchanganyiko unapata moto wenyewe. Tindikali kali ya salfa ni balaa zaidi. Ndiyo sababu mwalimu wa kemia hukariri kwamba tindikali ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kidogo kidogo, kamwe si maji kwenye tindikali, kwani matone ya kwanza ya maji yanaweza kuchemka na kukurukia usoni. Hapo wastani hauna la kusema.

Na kuna habari ya Lushoto, ambayo haihusu kuchanganya moja kwa moja, lakini siwezi kuandika juu ya maji moto na baridi kwa Kiswahili nikairuka. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Magamba. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: chemsha maziwa, tia sukari, acha yapoe, weka kwenye friji. Nafasi ndani ya friji ilikuwa ya kugombania. Mwenzake mmoja aliamua kuweka maziwa bila kuyachemsha, na Mpemba, akiogopa kukosa nafasi, akaweka yake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado. Akamuuliza mwalimu. Akaambiwa amechanganyikiwa. Akauliza tena siku nyingine wakijifunza kupoa kwa vitu, na alipong'ang'ania akafanyiwa mzaha mbele ya darasa.

Ila Tanga mjini alikuwa na rafiki aliyeuza aiskrimu, na rafiki huyo alimwambia jambo hilo wanalijua, ndiyo njia yao ya kugandisha upesi. Kipande hiki mara nyingi hurukwa habari ikisimuliwa Ulaya. Wauzaji wa aiskrimu wa Tanga walikuwa na taarifa ambayo mwalimu mwenye kanuni hakuwa nayo, na hakuna aliyewauliza.

Mpemba alipofika Mkwawa, Iringa, akaja kuzungumza nao Denis Osborne, profesa wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa bado chuo kishiriki. Mpemba akanyanyua mkono: vyombo viwili, ujazo sawa, kimoja nyuzi 35 kingine nyuzi 100, kwa nini cha nyuzi 100 kiliganda kwanza? Wenzake wakacheka. Osborne hakucheka, au hata kama moyoni alitilia shaka, alirudi Dar na kumwambia fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaja na jawabu kwamba ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza, na akaahidi kuendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne waliandika makala pamoja. Mpemba wakati huo alikuwa chuo cha wanyamapori Mweka.

Ubishi haujaisha. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walirudia majaribio Uingereza na kusema hawakuona ushahidi wa kutosha, wakaonyesha kwamba ukisogeza kipimajoto kidogo tu juu au chini ndani ya chombo unaweza kujipatia jibu unalolitaka. Tumerudi kwa Krafft na ile 11 yake: je, hiki nilichokiona ni cha maji au ni cha meza yangu? Halafu mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer, wakiwa Canada, wakachukua chembe ndogo mno ya kioo ndani ya maji, wakaisukuma kwa mwanga wa leza, na humo wakalipata jambo lenyewe likiwa safi na la kurudiwa: kilichoanza mbali kilitangulia kufika. Hawakuwa na friji wala maziwa. Wameliita kwa jina la Mpemba.